Namna ya Kumpima Mtoto Anayepumua

Jumamosi, saa kumi alasiri, mwezi wa saba. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi tangu asubuhi kama una kesi na mtu.

Mimi ni mtu wa bahati. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Miaka ishirini na mbili ya useremala, hakuna kazi yangu hata moja iliyowahi kurudi kwa fundi. Wenzangu pale bandani wanarudishiwa makabati yasiyofunga na stuli zinazonesa. Mimi nikishatoa kazi, imekwenda. Enzi za ruksa nilipanda malori ya mitumba mpaka Ndola, nikafika Lubumbashi, nikala samaki wa Mpulungu niliowanunua kwa Kibemba cha kuokoteza, na kote huko niliangalia mafundi wa watu. Mwenye jicho kama langu sikumwona. Wewe simama tu mlangoni, nitakutajia urefu wa suruali yako. Darasa la sita nililiacha njiani, lakini sentimita naziona bila miwani.

Nimeanza hivyo ili nipate moto wa kuandika. Nimekaa hapa kwenye intaneti kafe nyuma ya soko, jamaa mwenye kafe ameniuliza mara mbili, mambo vipi fundi, nami nimemjibu poa. Si poa. Vidole vimekufa ganzi, na si baridi peke yake.

Leo nimetoka Pito, nje kidogo ya mji.

Shajara, wewe unajua kazi yangu nyingine, lakini anayesoma hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza hajui, basi niiseme. Mbali na milango na vitanda, ninatengeneza majeneza. Watu wengi wa Izia na Pito waliolala makaburini nimewapima mimi. Mzee aliyenifundisha, sasa naye marehemu, alinipa utaratibu wake nami sijauacha. Mwili unalazwa mkekani. Unachukua uzi wa katani, kichwani mpaka kisiginoni, unapiga fundo. Bega mpaka bega, fundo la pili. Ukimaliza kazi yako, ule uzi unauweka ndani, chini ya mto wa marehemu. Mzee alikuwa anasema kipimo cha mtu kinaondoka na mwenyewe, hakibaki duniani kumpimia mwingine.

Ndiyo maana kina mama wa mitaa hii wakiniona na uzi mkononi wanapunguza sauti.

Sasa, mwaka juzi akaja dada mmoja bandani, anaitwa Tekla, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya huku. Mtu mfupi, maneno machache, viatu vya raba. Akasema ana watoto wasioweza kukaa wenyewe, wengi wana mtindio wa ubongo, mwili umekakamaa au umelegea, wanashinda chali mkekani. Mtoto akilishwa amelala, uji unapita njia ya hewa, kifua kinaugua, na msimu wa baridi unawachukua. Alitaka fundi wa kutengeneza viti vya kuwashikilia. Wengine walimwambia hiyo siyo kazi ya banda. Mimi nikamwambia, dada, umefika.

Akanifundisha siku kumi na moja. Nilidhani kiti ni kiti. Kumbe cha mtoto kama huyu kinaanzia kwenye nyonga. Nyonga zikikaa sawa na kugusa nyuma kabisa, mgongo unapata pa kusimamia, mgongo ukisimama kichwa kinatulia, kichwa kikitulia mtoto anameza. Nyonga zikikosea, vyote vya juu vimekosea. Kwa hiyo hatupimi mtoto alivyobebwa. Kwanza unamvua mavazi mazito. Unamlaza chali, unakunja goti moja na nyonga yake taratibu, halafu la pili, uone kila upande unakubali mpaka wapi. Ndipo unamkalisha kwenye benchi, mwenzako amemshika, unapima: nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, kulia peke yake, kushoto peke yake, ukitoa nafasi ya vidole viwili. Upana wa nyonga. Goti mpaka kisigino. Yote yanaandikwa kwenye fomu kabla hujasahau.

Tekla aliniambia jambo moja nikalicheka. Alisema, "Fundi, wale wateja wako wa zamani hawakuwahi kukulalamikia. Hawa nao hawataweza kusema. Kwa hiyo usiamini kimya."

Viti vinne vya kwanza tulipima pamoja. Cha tano akaniamini niende peke yangu.

Cha tano ni cha Skola.

Skolastika, miaka saba, wa Pito, mtoto wa Yasinta. Baba yake alikwenda kulima huko Mpanda, wanapata habari zake mara mojamoja. Nyumba ni ya bibi, mama yake Yasinta, anaitwa Bibi Filomena. Skola haongei. Macho yake ndiyo yanaongea. Ukiingia anakufuata kwa macho kutoka mlangoni mpaka kigodani, na ukimfanyia mzaha mdomo unafunguka upande mmoja, ndiyo kucheka kwake. Mwaka jana baridi ya mwezi wa saba ilimlaza hospitalini mara mbili kwa kifua. Tekla alinieleza wazi kabla sijaondoka: mwaka huu kiti kinatakiwa kiwepo na kiwe sahihi, mtoto anywe uji amekaa.

Nilikwenda wiki sita zilizopita na baiskeli, fomu kwenye mfuko wa nailoni. Nikaamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba bila kunitazama. Nikatandika mkeka, mkeka uliokuwepo pale pale ukutani. Nikatoa tepu. Ndipo bibi akasimama.

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Miaka mitatu nyuma nilimpima mume wake katika chumba kile, juu ya mkeka ule.

"Wewe hunilazii mjukuu," alisema. "Mtoto anayepumua hapimwi amelala."

Yasinta akaangalia chini. Mimi, mtu niliyebishana na askari wa forodha wa nchi tatu, nikarudisha tepu mfukoni. Nilipaswa kukaa na yule mama mzee nimweleze, hata kama ingechukua siku nzima, hata kama ingebidi nirudi na Tekla. Badala yake nikafanya ninalofanya siku zote nikibanwa. Nikapiga mzaha. Nikasema, bibi, usijali, mafundi wadogo ndio wanaopima, sisi wakubwa tunaona. Nikakunja mkeka, nikauegemeza ukutani. Bibi akatulia, Yasinta akacheka, mimi nikajisikia mtu mwenye busara.

Skola alikuwa mapajani mwa mama yake. Ilikuwa baridi. Alikuwa na sweta mbili, kitenge kimezungushwa, na blanketi juu. Nikamtazama kwa hili jicho langu la Ndola na Lubumbashi, nikachukua kalamu nikajaza fomu. Upana wa nyonga, thelathini. Mguu wa kulia, thelathini na moja. Mguu wa kushoto, thelathini na moja.

Nilijaza visanduku vyote. Visanduku vyote, shajara, kwa mwandiko mzuri.

Kiti kilikuwa kizuri. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Mbao nilizipiga randa mpaka zikateleza, pembe nikaziviringa, sponji nikalivika turubai la buluu, meza ndogo ya mbele nikaiwekea ukingo bakuli lisidondoke, mikanda ya kiunoni na kifuani nikashona mwenyewe. Nilipokipeleka wiki tatu zilizopita Tekla alikuwa safari ya kikazi vijijini, hatukupanga aje. Majirani walijaa uani. Mmoja akasema kiti hiki ni cha diwani. Tukamweka Skola na blanketi lake, akakaa kama malkia kwa muda wa picha moja, nami nikaondoka na kuku.

Nilimla yule kuku. Alikuwa mtamu.

Leo asubuhi Tekla alinipitia bandani, akasema twende Pito tukamwangalie mtoto. Nilivaa koti langu la Lusaka. Nilikuwa nakwenda kusifiwa.

Tulimkuta Skola kwenye kiti, sebuleni, mlango wazi ili apate jua. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameteleza mbele mpaka makalio yamefika ukingoni, mwili umeanguka kushoto, na mkanda wa kifua, ule niliousifia mishono, umepanda umefika chini ya kidevu. Pembeni Yasinta alikuwa ameshindilia kitenge na magunia matupu ya mahindi kuziba nafasi. Uji wa ulezi umekauka shingoni mwa mtoto. Kila akivuta pumzi kifua kilikuwa na sauti ndani yake, kama maji kwenye chupa.

Tekla alifungua mkanda wa kifua kwanza. Akamtoa, akamweka begani, akamgeuza kidogo ili aangalie chini ya mgongo. Kwenye mfupa wa makalio, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda chekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda.

Skola akanitazama mimi. Akafungua mdomo ule upande mmoja. Alidhani nimekuja na mzaha.

Yasinta akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu anayeomba radhi. Kwamba kiti hakina shida, fundi asihuzunike, kiti ni kizuri mno, tatizo ni mtoto. Amekuwa mkaidi. Anamweka vizuri, anateleza. Anamrudisha, anateleza tena. Anamwambia kaa kama ulivyowekwa, hakai, analia, anakakamaa makusudi. Kisha akashusha sauti.

"Juzi nilimpiga," alisema. "Kofi mbili, mapajani. Nikamwambia watu wamekutengenezea kiti cha watu, wewe hutaki."

Tekla akafuta uji shingoni mwa mtoto.

Nimeshapigwa mimi. Nimepigwa mpakani Kasumbalesa na vijana watatu wakanichukulia viatu. Haikuniuma hivi.

Tekla akachukua ile fomu kwenye mkoba wake, akaisoma, akanigeukia. Akauliza kwa sauti yake ile ya kawaida kama mguu wa kushoto niliupima. Nikasema ndiyo. Lilitoka lenyewe, kabla sijalitazama. Akauliza, mtoto akiwa amelala? Nikasema ndiyo. Bibi Filomena alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alinyanyua uso akaniangalia, wala hakuangalia pengine.

Tekla akasema tunaanza upya, mtoto alazwe. Bibi akasema hapana. Tekla akaanza kumweleza, taratibu, kuhusu nyonga na mgongo. Bibi akasema amesikia, na bado hapana. Yule bwana hapo anajua kwa nini.

Hapo ndipo nilipovua koti. Sikupanga. Nikauchukua ule mkeka ukutani, nikautandika katikati ya chumba, nikalala chali juu yake, miguu pamoja, mikono kifuani, kama ninavyowapanga wengine. Sakafu ya Pito mwezi wa saba, mgongo ulilia. Juu yangu nikaona bati lenye tundu moja la msumari na mwanga unapita. Niliwaza kwamba wateja wangu wote wamelala hivi mbele yangu, na mimi sijawahi kulala upande wao.

Nikasema, "Bibi, nipime mimi kwanza."

Nikasikia kigoda kinasogea. Bibi Filomena aliuliza iko wapi kamba yangu. Nikamwambia mfuko wa koti. Kweli ulikuwepo uzi wa katani, huwa nauweka. Akapiga magoti, akashika ncha utosini mwangu, mikono yake inanuka moshi, akauvuta mpaka kisiginoni. Akapiga fundo. Bega mpaka bega, akapiga fundo. Alikuwa anakumbuka utaratibu wote. Alinitazama nikiufanya kwa mumewe.

Akasema, "Mbao utakula nyingi. Na huyo kuku wetu amekuongezea upana."

Yasinta alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya kitenge. Tekla naye, ambaye hacheki, alitazama ukuta. Mimi nilicheka nimelala, na machozi yakaingia masikioni, sijui yalikuwa ya nini.

Bibi akauviringa uzi kwenye kidole, akanirudishia. Akasema kama mimi naweza kunyanyuka kutoka hapo, basi sawa. Lakini mtoto hatalala peke yake. Wafu ndio wanalala peke yao kupimwa.

Akajilaza. Yule mama mzee, na magoti yake yale, akalala ubavu juu ya mkeka na kanga yake, akanyoosha mkono, akasema mleteni. Tukamlaza Skola kwenye mkono wa bibi yake. Yasinta akamvua sweta moja, akamvua ya pili, tukaweka jiko la mkaa karibu na mlango wazi asipigwe na baridi. Chini ya nguo zote zile alikuwa mtoto mdogo sana. Sikuwa nimewahi kumwona.

Tekla alikunja mguu wa kulia. Ukaja vizuri, goti mpaka karibu na tumbo. Akakunja wa kushoto. Haukufika. Njiani ukasimama, na palepale nyonga nzima ikanyanyuka kutoka mkekani pamoja nao. Akaniambia niweke mkono, nisikie. Nikaweka. Nikasikia pale mfupa unapogoma.

Kumbe ndiyo hiyo. Kile kiti changu kilikuwa kinaulazimisha mguu wa kushoto ukunjike mahali usipoweza. Ili apate nafuu mtoto alikuwa anateleza mbele. Siku ishirini na kitu alikuwa anatuambia kwa lugha pekee aliyonayo, na jibu alilopata ni kofi.

Tukampima. Mimi nilishika tepu, Tekla akataja, Yasinta akaandika, kwa sababu nilimwomba yeye ashike kalamu. Upana wa nyonga, ishirini na mbili. Kulia, ishirini na nane. Kushoto, ishirini na tano. Nilipima kila kimoja mara mbili. Bibi alikuwa anamwimbia mjukuu wake kitu cha Kifipa sikioni, kidogo kidogo, na Skola alikuwa ametulia, macho kwangu, kwa tepu, kwangu.

Tulipomaliza, nilikaa chini mbele ya Yasinta. Nikamwambia, "Mama Skola, mtoto hana ukaidi wowote. Kosa ni la kiti, na kiti nimekitengeneza mimi."

Aliitikia kwa kichwa. Baadaye alimchukua mtoto, akamweka kifuani, akaanza kumpapasa yale mapaja, pale pale alipopiga, muda mrefu. Niliangalia nje.

Tekla amesema kidonda kisikaliwe, na kwa hicho kifua apelekwe hospitali leo leo. Ameondoka naye yeye na Yasinta kwa pikipiki ya jirani, mtoto katikati, amefungwa blanketi zote. Mpaka naandika hapa sijapata habari. Simu ya Tekla haipatikani.

Mimi nimerudi na kiti. Nimekifunga nyuma ya baiskeli, buluu yake inang'aa, nikapita nacho katikati ya Izia mchana kweupe, Jumamosi, watu wote barazani. Mmoja ameniuliza, fundi, kiti cha diwani kimekataliwa? Siku nyingine ningempa jibu la kumfanya ajifiche wiki. Leo nimesema ndiyo, nikaendelea kukanyaga.

Jumatatu asubuhi nitakwenda hospitali kabla sijafungua banda. Nitamwambia Tekla kwamba ile fomu niliijaza kwa macho na leo nikamdanganya mara mbili mbele ya watu. Huenda anajua. Huenda Bibi Filomena ameshamwambia. Lakini ni lazima itoke mdomoni mwangu. Akisema basi, ni basi. Akisema endelea, kiti kipya nitakikata upande wa kushoto mfupi, na pale mbele kishuke kidogo kumpa ule mguu nafasi unayoidai, na sitakitoa bandani mpaka mtoto amekikalia bila blanketi, mbele ya Tekla, mbele ya bibi.

Ule uzi wa katani wenye vipimo vyangu bado uko mfukoni. Nimeushika sasa hivi. Nitakaa nao.

Na jambo moja kabla jamaa wa kafe hajafunga. Pale juu nimeandika kwamba kazi yangu haijawahi kurudi, na kwamba ni bahati. Ni uongo. Milango imerudi. Kitanda kimoja cha harusi kilirudi siku ya tatu, na bwana harusi ndiye aliyekisukuma kwenye mkokoteni.

Kazi yangu ambayo haijawahi kurudi ni majeneza peke yake.